Kuzuga si Kuiba Kete

Wapo wasemao kwamba mchezo ni mchezo tu, na kwamba ukishakaa mbele ya ubao hakuna dhambi. Wapo pia wasemao kwamba uongo ni uongo, uwe wa sokoni au wa kijiweni, na kwamba anayezoea kudanganya katika bao atadanganya hata katika mirathi. Makundi yote mawili utayakuta hapa Mwanza, tena chini ya mti mmoja, yakigombea benchi moja. Mimi naona kila kundi limeshika nusu ya ukweli. Ukitazama historia ya ufukwe huu wa Ziwa Victoria kwa jicho la mcheza bao, utaona kwamba upo ujanja ulio halali na upo usaliti, na kwamba mpaka kati ya viwili hivyo unaweza kuonyeshwa kwa kidole. Tujaribu.

UBAO ULIO WAZI

Watu wanaolizunguka ziwa hili hawana lugha moja wala mila moja, lakini karibu wote wanacheza michezo ya kugawa kete mashimoni. Wasukuma wana isolo. Waganda wana omweso. Wajaluo wana ajua, wenye safu mbili tu za mashimo. Ukivuka kuingia Rwanda utakuta igisoro. Na mijini, Mwanza ikiwamo, limeenea bao la Kiswahili, ambalo kwao ni pwani. Huko pwani si mchezo wa juzi: Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliacha shairi lijulikanalo kama "Bao Naligwa". Kama mshairi wa siasa na vita aliona bao linafaa kutungiwa, basi wasikilizaji wake nao walikuwa wanalijua vilivyo.

Kwa wale ambao hawajawahi kukaa, bao lina mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili. Mchezo unapoanza kila mmoja ana kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na kete 22 za akiba za kunamua moja moja. Akiba ikiisha ndipo mtaji unaanza. Anayemaliziwa kete zote za safu ya mbele, au asiyekuwa tena na mchezo wa kucheza, amefungwa.

Sasa angalia jambo moja. Hakuna kinachofichwa. Katika karata kila mtu ameshika zake kifuani, mwenzake hazioni. Katika bao kete zangu unaziona na zako naziona, hata zile za akiba. Hakuna dadu ya kulaumiwa wala karata mbaya ya kusingiziwa. Kitu pekee kisichoonekana ni kilichomo kichwani, pamoja na hesabu ya kete zikishajazana nyumbani kiasi kwamba jicho haliwezi kuzihesabu. Hata hiyo hesabu haikufichwa. Aliyekuwa makini tangu mwanzo anayo, na aliyesinzia asimlaumu mtu.

Hebu tujiulize basi: katika mchezo ambao kila kitu ki wazi, mtu anadanganyaje?

MKONO NA MDOMO

Njia ya kwanza ni ile ambayo vijana tunaiita kuzuga. Mshambuliaji wa Pamba akiinamisha mwili kushoto huku mpira unakwenda kulia, amemzuga beki. Katika bao kuzuga kunawezekana kwa sababu ya sheria moja: ukiweza kula, ni lazima ule. Huwezi kusema, "Hapana bwana, leo nimeshiba." Fundi anajua hivyo. Anakuachia shimo nono mbele yako, wewe unakula kwa furaha, unagawa kete zako kuzunguka, na unapolala ndipo unagundua kwamba umezipeleka kete pale pale alipokuwa anazingoja. Drafti zile za vifuniko vya soda nazo ziko hivyo hivyo. Jamaa anakupa kimoja, sheria inakulazimisha ukile, yeye anakula vitatu.

Je, huo ni uongo? Mimi nasema hapana. Fundi hakusema neno lolote la uongo. Kete zilikuwepo mbele ya macho yako, na sheria iliyokunasa ndiyo hiyo hiyo ambayo wewe ungeitumia kumnasa yeye. Ukifungwa hivyo unaweza kuona haya, lakini huna kesi.

Njia ya pili ni ya mkono. Bao huchezwa kwa kasi, na mkono unaogawa kete kwa kasi unaweza kuruka shimo moja, au kudondosha mbili mahali pa moja, au kurudi na kete kiganjani. Hapo hatuko tena kwenye kuzuga, huo ni wizi. Tofauti yake na njia ya kwanza haitokani na ukubwa wa faida, maana kete moja ni kitu kidogo kuliko mtego wa kete kumi. Inatokana na hili: aliyezugwa amefungwa na mchezo waliokubaliana, na aliyeibiwa amefungwa na mchezo mwingine ambao hajui kwamba unachezwa. Yeye anahesabu kete 64, mwenzake anahesabu 63 na moja ya kiganjani. Ndiyo maana kijiwe, ambacho kitamcheka kwa kelele mtu aliyezugwa, hunyamaza ghafla mtu anapokamatwa ameiba. Na ndiyo maana watazamaji wana kazi kubwa kuliko kushangilia. Bila wao kusimama pale na macho yao, mkono wa haraka ungetawala.

Njia ya tatu ni ya mdomo. Bao la kimya ni nadra. Mtu anakuambia, "Hapo umekwisha, mzee, bora uinuke mapema ukawahi daladala," na kumbe yeye ndiye anayetafuta pa kutokea. Maneno hayo ni ya uongo kabisa, lakini yamesemwa mbele ya ubao ulio wazi, kwa mtu mwenye macho, na kila aliyepo anajua kwamba mdomo ni sehemu ya mchezo. Ukiyaamini kuliko kete zilizo mbele yako, umejidanganya mwenyewe.

Mdomo huo huo, hata hivyo, unaweza kuvuka mpaka. Chukulia kwamba mwenzako ananyoosha mkono kucheza, nawe unamwambia, "Acha kwanza, mwanao anakuita nyumbani, kuna mgonjwa." Anainuka, anakwenda mbio, anarudi hana mpango tena kichwani, nawe unamfunga. Hakuna kete iliyoibiwa. Sheria ya bao haisemi lolote kuhusu wagonjwa. Lakini hakuna mzee atakayekukubalia huo ushindi. Umechukua kitu cha nje, yaani hofu ya mzazi kwa mtoto wake, ukakitumia kununua ushindi wa ndani.

Kwa hiyo tunapata maswali mawili, nami nitayatumia katika sehemu yote iliyobaki. La kwanza: huyu aliyedanganywa, je, amekaa ubaoni? Yaani amekubali kucheza, na mchezo anaodhani anaucheza ndio huo unaochezwa? La pili: kilichotumika kumdanganyia ni cha mchezo, au kimeletwa kutoka nje, kwenye undugu, kiapo, ugonjwa, njaa?

KARATA TATU

Maswali hayo yana maana hata barabarani. Waliokuwa wakisafiri kwa mabasi wanaukumbuka mchezo wa karata tatu. Jamaa anachuchumaa, ameweka karata tatu juu ya boksi, moja ndiyo ya ushindi. Anazipindua, anazizungusha, unaweka pesa juu ya unayodhani ndiyo. Pembeni wapo watu watatu wanne wanacheza, na mmoja anakula pesa kila mara. Unajiambia, mbona rahisi?

Kumbe wote ni kundi moja. Aliyekula pesa ni mwenzao, anayekusukuma uweke ni mwenzao, na anayepiga kelele "Askari!" pesa yako ikishaliwa naye ni mwenzao. Mgeni anadhani amekaa kwenye mchezo wa bahati na macho makali, kumbe yeye ndiye mchezo.

Lakini kuna kipengele kinachonisumbua zaidi. Mara nyingine mmoja wa kundi hukunja kidogo ncha ya karata ya ushindi wakati mwenye karata "ameangalia pembeni", kisha anakukonyeza. Sasa unaamini kwamba unayo siri. Unaweka pesa zote ukijua, kwa akili yako, kwamba unamwibia yule jamaa. Karata inafunuliwa, siyo yenyewe, na ncha iliyokunjwa ni ya nyingine. Umesalitiwa wakati ule ule ulipokuwa unasaliti. Ndiyo maana wengi walioliwa hivyo hawakwenda polisi. Wangeeleza nini?

Ukumbuke mtego huu wa ncha ya karata, maana tutaukuta tena kwa watu wakubwa wenye kofia na bendera.

UBAO WA ULAYA

Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Allan Calhamer, alitoa mchezo alioubuni mwenyewe na kuuita Diplomacy. Ubao wake ni ramani ya Ulaya, mchezo unaanza mwaka 1901, na wachezaji ni saba: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria-Hungary, Urusi na Uturuki. Hakuna dadu. Kabla ya kila hatua wachezaji wanainuka, wanakwenda pembeni wawili wawili, wananong'ona, wanaahidiana. Kisha kila mmoja anaandika amri zake kwa siri, na zote zinasomwa kwa pamoja. Ahadi haimfungi mtu. Unaweza kumwambia Mfaransa kwamba jeshi lako halitasogea, na karatasi ikifunuliwa jeshi limo ndani ya Burgundy.

Ni kinyume kabisa cha bao. Katika bao kila kitu ki wazi na hakuna haja ya kumwamini mtu. Katika mchezo wa Calhamer huwezi kushinda bila kuaminiwa, na ni vigumu sana kushinda bila kumwangusha aliyekuamini. Watu wamegombana kwa ajili yake. Lakini kwa kipimo chetu cha kwanza wachezaji wake hawana lawama: kila aliyekaa anajua kwamba ahadi za mezani zinaweza kuvunjwa. Lawama inaingia kwa kipimo cha pili. Ukimwapia rafiki yako kwa jina la mama yako mzazi ili tu umnyang'anye bandari ya karatasi, umefanya kama yule wa mtoto mgonjwa. Kiapo kile hakikuwa mali ya mchezo.

Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilionyesha programu ya kompyuta iliyoitwa Cicero, iliyocheza Diplomacy na watu na kuwashinda wengi. Waliotengeneza walisema wameifundisha kuwa mkweli kwa kiasi kikubwa. Watafiti wengine, katika makala ya mwaka 2024, wakaonyesha mifano ambamo ilipanga na mmoja kumgeuka mwingine aliyekuwa ameahidiwa ulinzi. Hata mashine, ikipewa ushindi uwe ndio lengo, inajikuta inajifunza kumzunguka mwenzake.

Lakini kilichonivuta kwenye mchezo huu ni ramani yake. Afrika imo kidogo tu, ukingo wa kaskazini, Tunis na jirani zake. Kusini ya hapo ubao umekatwa. Ziwa letu halimo. Na hali miaka michache tu kabla ya 1901, wakubwa wale wale wa Ulaya walikuwa wamecheza mchezo ule ule kwa kweli, na ubao ulikuwa sisi.

MSTARI JUU YA ZIWA

Mwezi Novemba mwaka 1884, Carl Peters, Mjerumani wa miaka 28, alitoka Zanzibar kuingia bara. Alikuwa amesafiri kwa jina la uongo. Katika wiki chache alikusanya mikataba kutoka Useguha, Nguru, Usagara na Ukami. Namna alivyofanya aliisimulia mwenyewe bila aibu: kinywaji, zawadi, undugu wa kuchanjiana damu, kisha karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani, bendera inapandishwa na bunduki zinapigwa hewani. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari Wilhelm I akatoa hati ya kuilinda ardhi hiyo.

Pima kwa maswali yetu. Je, wale watemi walikuwa wamekaa ubaoni? Walidhani wako katika mchezo wa urafiki kati ya mwenyeji na mgeni, mchezo wa zamani unaojulikana. Aliyekuwa mbele yao alikuwa anacheza wa kwake, wa hati miliki na dola. Na alitumia nini? Alitumia undugu wa damu. Katika nchi zetu hicho kilikuwa kifungo kizito kuliko sahihi yoyote, naye alikileta kama kete. Kwa maswali yote mawili jibu ni baya. Hakumzuga mtu, aliiba.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikachora mstari kutoka mdomo wa mto Umba, pale pwani, ukapinda kaskazini ya Kilimanjaro na kuishia ufukwe wa mashariki wa ziwa letu, penye latitudo 1 kusini. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyekuwa akidai sehemu kubwa ya bara hiyo, hakuwa na kiti katika mazungumzo hayo. Upande wa magharibi ya ziwa ulibaki wazi, na hapo ndipo Buganda ilipokuwa.

Peters hakuweza kuvumilia kuona shimo nono limeachwa. Mwaka 1890 alikuwa njiani kuelekea Buganda. Kwa Mumia, katika nchi ambayo leo ni magharibi ya Kenya, alikuta kambi ya Frederick Jackson wa kampuni ya Waingereza. Jackson mwenyewe alikuwa ameondoka kwenda Mlima Elgon, na barua zake zilikuwa pale. Peters akazifungua akazisoma. Akajua kwamba Kabaka Mwanga anatafuta msaada wa Wazungu, akakaza mwendo, akafika Mengo, na Mwanga akatia sahihi mkataba naye.

Mwanga hakuwa mtoto. Alishapinduliwa mwaka 1888 akarudi kupigania kiti chake. Alikuwa amewaomba Waingereza, na sasa anasaini na Mjerumani. Yeye alikuwa amekaa ubaoni kweli kweli, akizuga pande zote mbili ili nchi yake isimezwe na upande wowote. Simlaumu. Ila hakujua kwamba kulikuwa na ubao mwingine juu ya ule aliokuwa anauona.

Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilisaini mkataba mwingine. Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland, mwamba katika Bahari ya Kaskazini. Uingereza ikapata nafasi ya kuiweka Zanzibar chini ya ulinzi wake, na ule mstari wa latitudo 1 ukaendelezwa kukata ziwa kwenda magharibi, Buganda ikaangukia upande wa Waingereza. Karatasi ya Peters ikawa haina thamani. Huyo ndiye mtu wa ncha ya karata. Alisoma barua ya mwenzake akadhani anayo siri, kumbe wakubwa wake mwenyewe walikuwa wanaibadilisha karata huko kwao.

Unaweza kumcheka Peters, na anastahili. Lakini Mwanga je? Mwezi Desemba mwaka huo huo Kapteni Lugard alifika na bunduki na kumbana asaini mkataba na kampuni ya Waingereza. Mwaka 1897 Mwanga aliasi, akashindwa, akakimbilia kusini upande wa Wajerumani, nao wakamkamata. Mwaka 1899 akapelekwa Shelisheli, na huko ndiko alikofia mwaka 1903. Mstari alioukimbilia kama kinga ulichorwa na watu wawili waliokwisha kuelewana.

MSTARI UNARUDI

Kama ungekuwa mchezo wa ubaoni, mwaka 1890 wangefuta ubao na kupanga kete upya. Lakini mstari ulibaki. Magharibi ya ziwa, latitudo 1 inapita kaskazini ya mto Kagera, kwa hiyo likabaki eneo la kiasi cha kilomita za mraba 1,800 lililo ng'ambo ya mto lakini ndani ya Tanzania. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia humo. Redio ya Uganda ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba Tanzania ndiyo iliyovamia. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni lake na mpaka ni mto. Kisha akapendekeza, eti, wamalize ugomvi ulingoni kwa ngumi, yeye na Nyerere, mwamuzi awe Muhammad Ali. Amin aliwahi kuwa bingwa wa ndondi wa Uganda. Nyerere alikuwa mcheza bao.

Watu wa Kagera walioporwa na kuuawa hawakuwa wamekaa kwenye ubao wowote. Na Mwanza nayo ilipata sehemu yake. Mwaka 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilikusudia kupiga mji wetu, mabomu yakaanguka Saanane, kisiwa cha wanyama. Swala wakafa kwa ajili ya ugomvi wa mpaka.

Lakini tusiwe na kipimo cha adui tu. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Katika miezi iliyotangulia, msimamo wa serikali yetu mbele ya dunia ulikuwa kwamba kuna vita viwili: kimoja cha Tanzania kulinda mpaka wake, kingine cha Waganda wenyewe kumwondoa dikteta. Waganda walipigana, ni kweli, lakini mzigo mkubwa ulibebwa na JWTZ. Je, kauli ile ilikuwa uongo? Kwa Amin nasema ilikuwa kuzuga. Yeye ndiye aliyeketi kwanza, tena kwa kishindo, na hana wa kumshtaki. Kwa nchi nyingine za Afrika, ambazo mwaka 1963 zilikuwa zimekubaliana kutoingiliana, swali ni gumu zaidi. Hao hawakuwa wapinzani wetu, walikuwa watazamaji waliosimama kando ya benchi, na nimekwisha kusema kazi ya watazamaji ni ipi. Naamini vita vile vilikuwa vya haki. Bado naona kwamba mtazamaji anastahili kuambiwa ukweli kuliko mpinzani, na sina hakika kwamba waliambiwa wote.

Na wananchi? Baada ya vita Mwalimu alituomba tujifunge mikanda kwa miezi 18. Shida haikwisha katika miezi 18. Foleni za sukari, sabuni na unga zilivuka katikati ya miaka ya 1980. Wapo wanaosema tulidanganywa. Hapo mimi namtetea Mwalimu, kwa sababu ile ile ya bao. Mtu anayehesabu kete zake, akasema zitaishia shimo la tano, zikaishia la saba, amekosea hesabu, na kukosea hesabu ni kitu kingine kabisa na kuiba. Tukichanganya vitu hivyo viwili hatutaweza tena kumkamata mwizi halisi, maana kila aliyekosea atakuwa mwizi na kila mwizi atasema amekosea.

MCHEZA BAO NA KAIZARI

Picha za Nyerere akicheza bao zipo, na baada ya kung'atuka urais mwaka 1985 bao liliendelea kuwa burudani yake kule Butiama. Wengi wanalijua hilo. Wachache wanaliweka pamoja na jambo jingine. Mtu huyo huyo alikaa, akiwa katikati ya kazi za kuongoza nchi changa, akatafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar. Ilitoka mwaka 1963, na toleo jipya likafuata mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Ni tamthilia ya usaliti. Bruto anamchoma kisu mtu anayempenda na anayemwamini. Tena si mwizi wa kawaida: ana sababu, anaamini anaiokoa Roma. Kwa swali letu la kwanza unaweza hata kumtetea, maana siasa za Roma ni ubao na Kaizari aliketi kwa hiari. Ni swali la pili linalommaliza. Siku ile Kaizari alitoka nyumbani akiwa amezungukwa na watu aliowakaribisha kwake, akiwemo Bruto. Mwaliko na urafiki ndivyo vilivyomfikisha mbele ya visu. Mpango ule ulilipiwa kwa kitu ambacho siasa haikukitengeneza na haikuweza kukirudisha.

Sijui kiongozi wa nchi anawaza nini anapoandika maneno kama hayo kwa Kiswahili usiku, huku mchana anakaa na mawaziri. Naona tu kwamba mkono uliocheza mchezo usioficha kitu ndio ulioandika kwa lugha yetu juu ya jambba lililofichwa chini ya kanzu.

SISI TUNAOANDIKA

Kwa nini nayaleta haya kwenye gazeti la waandishi? Kwa sababu sisi nasi ni watu wa kuzuga. Anayetunga hadithi anamwambia msomaji mambo ambayo hayakutokea, anamficha muuaji hadi ukurasa wa mwisho, anampa shimo nono ili amnase. Na msomaji hakasiriki, maana alipofungua kitabu chenye jina la hadithi alikwisha kukaa ubaoni. Tunaweza kumzuga tutakavyo.

Ila siku tunapoandika juu ya Mwanga, au juu ya Kagera, au juu ya jirani anayejulikana mtaani, mchezo umebadilika. Msomaji anadhani tunahesabu kete mbele yake. Tukiruka shimo moja kwa sababu linamwaibisha mtu wetu, au tukidondosha mbili kwa adui, hatumzugi tena. Na waliokufa hawawezi kusimama kando ya benchi kutukamata mkono. Peters aliandika vitabu vyake na vikasomwa. Wale watemi waliochanjiana naye damu hawakuandika, na mpaka leo tunajua usiku ule kwa maneno ya aliyewazunguka.

Mwanza wapo wazee wengi ambao bado hawajaulizwa. Miaka ya mabomu na foleni wanaikumbuka. Kaa nao, ukipenda cheza nao bao kwanza, watakufunga. Halafu waulize, na andika idadi ya kete kama ilivyo.